Aliyeanguka Kwenye Foleni ya Unga

"Kila mtu arudi pale alipokuwa amesimama kabla huyo mama hajaanguka," Inspekta Ndeti alisema. "Simama nyuma ya mgongo uliokuwa mbele yako asubuhi. Na mtu asiniletee ujanja."

Watu wa mtaa wa Shauri Moyo hawana desturi ya kumtii polisi haraka, lakini siku hiyo walitii. Walikuwa nje ya duka tangu alfajiri wakingojea lori la unga wa njano, na lori bado halijaonekana. Mwanamke alipoanguka foleni ilivunjika, na wajanja waliokuwa mkiani wakajikuta karibu na mlango. Sasa afisa wa serikali alikuwa anataka foleni irudi ilivyokuwa. Walionyang'anywa nafasi walimwona Ndeti kama ndugu yao, na wajanja wakaanza kunung'unika kwamba kupanga foleni si kazi ya polisi.

Kazi ya polisi ilikuwa mtoto. Mwanamke aliyeanguka aliitwa Jecinta, na mgongoni alikuwa na mvulana wa miezi mitano, Wanyoike. Mtu fulani alimfungua mtoto ili mama apate hewa, jambo ambalo lingefanywa popote. Mama alipozinduka, mtoto hakuwa mikononi mwa mtu yeyote pale. Jecinta alikuwa kituoni sasa, kwenye benchi, analia. Ndeti alikuwa amemwacha huko akaja kutazama mahali penyewe, maana machozi hayamwambii mpelelezi mtu alisimama wapi.

Alianza na askari wake mwenyewe. Konstebo Okoth ndiye aliyekuwa ametumwa kulinda foleni ile.

"Alipoanguka ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa, afande."

"Ukafanya nini?"

Okoth alitazama buti zake. "Mtu alipiga kelele kwamba ni kifafa, afande. Kwamba asiguswe."

"Kwa hivyo hukumgusa."

"Sikumgusa."

"Ulirudi nyuma."

"Kidogo tu, afande."

"Nionyeshe hiyo kidogo."

Okoth akanyoosha kidole. Kilielekea ng'ambo ya barabara, karibu na kibanda cha mkaa.

Ndeti alikitazama hicho kibanda. Hakushangaa sana. Kwao Ukambani, na kwa akina Okoth, na kwa hawa wa kutoka Murang'a na Nyeri waliojaa hapa, wengi waliamini kwamba ukimgusa mtu akiwa katika kifafa kinakuhamia wewe. Mtu mzima anaweza kukimbilia moto kumwokoa jirani na bado akimbie povu la kifafa. Lakini ilimuudhi kwamba aliyekimbia alikuwa amevaa kofia ya serikali.

"Povu uliliona?"

Okoth akafikiri. "Hapana, afande."

"Alitupa miguu? Alitetemeka?"

"Alilala tu. Kimya."

"Nani alisema ni kifafa?"

"Ilikuwa sauti ya mwanamke. Uso wake sikuuona."

"Ungeuonaje na wewe ulikuwa kwa mkaa?"

Foleni ilikuwa imejipanga tena. Ndeti alitembea kando yake polepole. Alikuwa amefanya kazi hii miaka ya kutosha kujua kwamba umati hauna macho. Ukiuliza watu mia walimwona nani, watakuelezea watu mia. Lakini foleni si umati. Katika foleni ya unga hakuna anayejua jina la mwenzake, ila kila mtu anaujua vizuri mgongo ulio mbele yake, kwa sababu ameulinda asubuhi nzima usije ukazaa migongo miwili.

Alifika mahali alipokuwa amesimama Jecinta. Nyuma yake palikuwa na nafasi wazi, ya kumtosha mtu mmoja, kisha akafuata mzee mwembamba mwenye koti la mvua lisilokuwa na kazi siku ile ya jua.

"Jina lako, mzee?"

"Naftaly."

"Mbona hujasogea mbele? Pana nafasi hapa."

"Umesema tusimame tulivyokuwa," Naftaly alijibu. "Hapo palikuwa na mtu. Nisingependa uniambie mimi ndiye mjanja."

"Mtu gani?"

"Mwanamke. Huyo namkumbuka vizuri, afande, kwa sababu alinikosea."

"Alikukosea vipi?"

"Mimi nimekuja hapa na giza. Nikamkuta huyu mama mwenye mtoto, na nyuma yake ameweka jiwe. Jiwe! Nikamuuliza, hili jiwe linakula unga? Akaniambia ni nafasi ya mwenzake, yuko njiani. Basi nikasimama nyuma ya jiwe mpaka jua likawaka. Ndipo huyo mwenzake akaja anatembea kama mke wa diwani, akasukuma jiwe kwa mguu, akaingia."

"Mwenzake. Una hakika walijuana?"

"Kwani mtu humwekea jiwe asiyemjua? Waliongea. Kwa sauti ya chini, lakini waliongea."

Ndeti alihisi furaha ile ndogo ya kazi, akaificha. Kituoni Jecinta alikuwa amesema alikuja peke yake na hakuzungumza na mtu.

"Huyo mwanamke alikuwaje?"

"Mrefu. Ana dastikoti la bluu, la kiwandani. Na alinuka sabuni ya kufulia mpaka nikapiga chafya."

"Nani alipiga kelele ya kifafa?"

"Ni yeye huyo huyo. Mwenzake alipoanguka alipiga ukelele, watu wote wakatawanyika. Yeye akainama, akamfungua mtoto, akasema anampeleka kivulini."

"Yeye hakuogopa kifafa?"

Ilikuwa wazi kwamba mzee Naftaly alikuwa hajalifikiria jambo hilo. Hasira ya jiwe ilikuwa imemjaa.

"Hakuogopa," alisema.

Nyuma ya Naftaly alisimama msichana mwenye ndoo, Mbeti, ambaye tangu mwanzo alikuwa anatamani kuulizwa. Ndeti alimpa nafasi.

"Mimi ndiye nilimuamsha mathe, afande," Mbeti alisema. "Hao wengine wote walikuwa wameingia baridi kwa woga. Nikaona hana povu, nikasema huyu ni njaa tu, si kifafa. Nikawasha njiti ya kiberiti anuse moshi."

"Akaamka?"

"Sasa hapo ndipo maneno. Upepo ulizima hiyo njiti kabla sijamfikishia. Nikawa nasaka ingine, na mathe huyo, ameshaamka. Ameketi. Analia ati wameniibia mtoto."

"Alishika mgongo kwanza?"

"Kushika mgongo?"

"Mama akizinduka na mtoto alikuwa mgongoni. Alijipapasa? Alimtafuta?"

"Zii, hakujipapasa. Alianza kulia tu. Hata sisi tukamwambia, mathe tulia, mtoto yuko na beste yako hapo kwa kivuli. Tukaangalia kivuli. Hakuna mtu."

Ndeti aliwashukuru wote wawili na kuondoka. Nyuma yake wajanja walikuwa tayari wameanza kusogea.

Njiani Okoth alikuwa na maoni, na kwa kuwa alijua amekosea, aliyatoa kwa bidii.

"Afande, mimi naona ni bwana yake. Nimesikia wameachana. Mwanamume akiachwa hutafuta njia. Amemtuma huyo wa sabuni."

"Inawezekana," Ndeti alisema. "Bwana mwenyewe yuko wapi?"

Bwana mwenyewe alikuwa kituoni, na sauti yake ilisikika tangu kwenye lango. Gichuru alikuwa dereva wa lori la mchanga, mkubwa wa mabega, na alikuwa akimwambia kila askari kwamba serikali imelala. Ndeti alimwingiza katika chumba chake na kufunga mlango.

"Asubuhi ulikuwa wapi, Bwana Gichuru?"

"Machimboni, Athi River. Uliza tajiri wangu. Uliza tanboi wangu wa lori. Mbona unaniuliza mimi? Mimi ndiye nimeibiwa."

"Mtoto alikuwa kwa mama yake. Wewe huishi naye."

"Siishi naye. Lakini Jumamosi nilikuwa napewa mtoto. Mbele ya chifu na wazee, nyumbani. Neno lilishakwisha. Mahari yote ilitoka, mtoto ni wa ukoo. Niibe Jumatano kitu ambacho Jumamosi naletewa mkononi?"

Ndeti aliona kwamba hapo mtu huyu alikuwa anasema kweli. Mwizi hutafuta njia fupi, na Gichuru njia fupi alikuwa nayo tayari.

"Wewe ni dereva. Mtoto wa miezi mitano ungemfanyia nini?"

"Ni wa mama yangu. Ana jina la baba yangu, Wanyoike. Mama anamwita mume wangu, hivyo ndivyo sisi huitana. Anasema mume wake hawezi kukulia Shauri Moyo kwenye moshi na foleni."

"Una watoto wengine na Jecinta?"

Gichuru alipunguza sauti kwa mara ya kwanza. "Kulikuwa na msichana. Wakiuru. Alikuwa na jina la mama mwenyewe. Mama alimchukua alipoachishwa ziwa."

"Yuko wapi?"

"Surua."

"Alikufia hospitali gani?"

"Hakupelekwa. Mama alisema surua huisha yenyewe." Kisha, kama mtu aliyejikwaa akasimama haraka, "Hiyo ni kazi ya Mungu, Inspekta. Haihusiani na huyu."

"Keti nje," Ndeti alisema.

Alimwita Jecinta. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, vumbi kwenye ubavu mmoja tu wa gauni. Ndeti alitazama viganja vyake na magoti yake, hakuona mchubuko. Aliyezimia kweli huanguka vibaya. Huyu alikuwa ameanguka kwa adabu, kwa ubavu, kama mtu anayelala.

"Mama, niambie tena. Foleni ulikuja na nani?"

"Peke yangu."

"Hukumwekea mtu nafasi?"

"Hapana."

"Umekula leo?"

"Sijakula. Ndiyo maana nilianguka. Siku hizi watu wanaanguka kila mahali, afande, si mimi wa kwanza."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomfanya Ndeti azidi kumheshimu. Mwaka ule wa njaa hakuna ambaye angemshuku mwanamke aliyeanguka kwenye foleni. Angeweza kudai mtoto ameibwa nyumbani, na kila mtu angemtazama yeye. Badala yake alichagua mahali penye macho mengi kuliko yote katika mtaa, ili siku ya Jumamosi wazee wakimuuliza mtoto yuko wapi, Shauri Moyo nzima imjibie.

Lakini yote hayo yalikuwa jiwe na njiti ya kiberiti tu, si ushahidi. Mtoto hakuwepo. Ndeti angeweza kumfungia ndani na kumbana mpaka aseme, na alijua kwamba hatasema. Alimtazama tena, ndipo akaona mkono. Jecinta alikuwa amekunja mkono wa kushoto kifuani na anajikandamiza kwa nguvu, anauma meno, anauachia, kisha anarudia. Kwenye gauni, juu ya mkono, palikuwa pamelowa.

"Nenda nyumbani," Ndeti alisema. "Pumzika. Tukipata habari tutakuita."

Jecinta alimtazama kwa shaka kubwa. "Naenda tu hivi?"

"Wewe ndiye uliyeibiwa. Tukuweke hapa kwa nini?"

Alipotoka, Okoth alishindwa kunyamaza. "Afande, si tumeshajua ni yeye?"

"Una watoto, Okoth?"

"Bado, afande."

"Mimi ninao sita. Mama anayenyonyesha, mtoto akikosa kunyonya tangu asubuhi, hali hiyo si ya mchezo. Matiti yanakuwa mawe. Huyu hatalala Shauri Moyo leo. Vua hiyo kofia, tafuta koti la mtu. Na ukiona kitu cha kukuogopesha, safari hii usivuke barabara."

Jecinta hakufika nyumbani kwake kabisa. Alisimama kwenye kona akiangalia nyuma, akazunguka sokoni Gikomba katikati ya mitumba, akatoka upande mwingine na kuangalia nyuma tena. Ndeti aliyaona yote hayo akiwa ameshika suruali kuukuu anayojidai kuinunua. Kisha mwanamke akashika njia ya kusini, mbio mbio, mikono imekunjwa kifuani. Aliingia Industrial Area wakati ving'ora vya viwanda vinalia na vibarua wanamiminika barabarani. Kati ya watu wote hao waliokuwa wakirudi makwao kwa miguu, polisi wawili wenye makoti ya kuazima hawakuwa kitu.

Alivuka reli, akapita nyuma ya maghala, na kuingia Mukuru kwa Njenga. Hapo hakuangalia nyuma tena. Alikuwa karibu kukimbia. Alisukuma mlango wa nyumba ya mabati bila kupiga hodi, na kilio cha mtoto kilichokuwa kikitoka ndani kiliendelea kidogo, kisha kikakatika.

Okoth alitaka kuingia mara moja. Ndeti alimshika mkono.

"Ngoja."

"Tunangoja nini, afande?"

"Mtoto hajanyonya tangu asubuhi. Ngoja."

Walisimama nje, na majirani wakaanza kuwatazama kwa macho ambayo watu wa Mukuru huwapa wageni wenye buti za polisi. Mwishowe Ndeti akapiga hodi na kuingia.

Nyumba ilinuka sabuni. Mwanamke mrefu mwenye dastikoti la bluu alikuwa amesimama mbele ya kitanda, mikono imetanda, kama kwamba angeweza kumficha mtu. Nyuma yake Jecinta alikuwa ameketi na mtoto ziwani.

"Jina lako?" Ndeti alimuuliza yule mrefu.

"Lydiah."

"Wewe ndiye mwenye jiwe."

Lydiah alimgeukia Jecinta. "Nilikuambia tusiongee pale."

"Si kuongea kulikowaponza. Mngepanga foleni kama wengine, yule mzee asingewakumbuka mpaka kufa kwake." Ndeti alivuta kigoda, hakukikalia. "Jecinta, ulianguka vizuri. Konstebo wangu alikuamini."

Jecinta hakulia. Machozi ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kazi yake. "Unampelekea Gichuru mtoto leo?" aliuliza.

"Nijibu wewe kwanza. Kwa nini hukuwaambia wazee juu ya Wakiuru?"

"Niliwaambia. Wakasema kila nyumba ina kaburi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Huyo nilimpeana mwenyewe, afande. Kwa mikono hii. Nilimfungia nguo zake, nikampandisha gari, nikamwambia nyanya yako anakupenda. Na kweli alikuwa anampenda. Alikaa naye kitandani siku zote za surua akimwombea, na zahanati iko ng'ambo ya mto. Nilipofika alikuwa ameshazikwa. Huyu sitampeana. Nifunge ukitaka."

Ndeti alikuwa na hasira na alijua si ya mwanamke huyu. Alikaa juu ya kigoda.

"Sikiliza nikuambie ulichofanya," alisema. "Umetoa habari za uongo kwa polisi. Hilo ni kosa, utashtakiwa, na huyu rafiki yako pia. Sitakudanganya kwamba hakimu atawaachilia. Anaweza kuwafunga."

Lydiah alikaa chini taratibu. "Miezi mingi?" aliuliza.

"Sijui. Mimi si hakimu."

"Na mtoto?" Jecinta aliuliza.

"Mtoto ameshaandikiwa faili. Mtoto aliyeripotiwa kuibwa, akipatikana, simrudishi kwa chifu wala kwa wazee. Nampeleka mbele ya hakimu. Yeye ndiye atakayesema akae kwa nani, na hawezi kusema kabla hajakusikia wewe."

"Atauliza juu ya Wakiuru?"

"Asipouliza nitamwambia mimi. Gichuru mwenyewe amenieleza, na nitamfanya aeleze tena akiwa ameshika Biblia."

Jecinta alimweka mtoto vizuri. Mtoto alikuwa anameza kwa pupa, anapumua kwa pua, mkono wake mdogo umeng'ang'ania kola ya gauni.

"Nikifungwa," alisema, "huyu atakuwa na nani?"

"Anayenyonya hatenganishwi na mama yake. Ukiingia, anaingia na wewe."

Okoth, pale mlangoni, aligeuza uso akatazama nje. Jecinta alimtazama inspekta kwa jicho la mtu anayetafuta mtego ulipo na haoni.

"Basi nishtaki," alisema. "Nishtaki kesho asubuhi, afande. Usingoje Jumamosi."

Ndeti alimtuma Okoth aende barabarani akatafute gari la kituo. Jecinta alimhamishia mtoto upande wa pili, na wote wakakaa kungoja.